Kupitia Endulen au Kupitia Singida?

Novemba iliyopita jirani yangu pale Arusha alinijia na simu mkononi, uso umekunjuka kama wa mtu aliyeokota noti. Mdogo wake alikuwa anaoa Mwanza, Jumamosi ya pili ya Desemba. Dada wa mkewe ni muuguzi Endulen na alikuwa amejifungua mwezi uliotangulia, kwa hiyo mama watoto hakutaka kusikia habari ya harusi bila kwanza kupitia kumwona mtoto. Mpango ulikuwa umeshakamilika: watoke Arusha asubuhi, walale Endulen, kesho yake wakate Serengeti, watokee Ndabaka, jioni wawe Mwanza. Gari ni IST. Ndani yake yeye, mkewe, watoto wawili na mama yake mzazi anayeumwa magoti.

“Kaka, tazama mwenyewe,” akaniambia. “Huku ni fupi kwa kilomita karibu 200 kuliko Singida. Njia fupi, tena yenye tembo. Nini tena?”

Nikamwambia aketi, chai inakuja. Haya ndiyo niliyomwambia, pamoja na mengine yaliyonijia alipokwisha kuondoka.

Tuanze na ramani, maana ndiyo iliyompotosha. Arusha hadi Mwanza kwa kupitia Babati, Singida, Nzega na Shinyanga ni karibu kilomita 800. Kwa kupitia Karatu, Ngorongoro na Serengeti ni kama 600. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Lakini ile ya kwanza ni lami mwanzo hadi mwisho, na hii ya pili lami inakuaga kwenye lango la Lodoare, mwendo mfupi tu baada ya mji wa Karatu. Kuanzia hapo hadi utokee Ndabaka, kwenye barabara kuu ya Mwanza na Musoma, kuna kama kilomita 300 ambazo kwa sehemu kubwa ni changarawe, vumbi na mikunjo ya barabara inayotetemesha hadi meno. Mwendo unaoruhusiwa hifadhini ni kilomita 50 kwa saa, na mara nyingi barabara yenyewe haikupi hata hizo. Weka wastani wa 35 au 40. Utapata saa nane za usukani, bila kusimama kumtazama twiga, bila kubadili tairi, bila mtoto kuomba kushuka. Na hizo saa nane ni za anayepita moja kwa moja. Endulen haipo kwenye njia hiyo.

Hapo jirani alinyanyua kichwa. Wengi hawalijui hilo. Ukitaja Ngorongoro, mtu wa mjini anaona kila kitu kimerundikana sehemu moja: kreta, Oldupai, Ndutu, Endulen. Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lina kilomita za mraba 8,292. Kwenda Endulen unaiacha barabara kubwa baada ya kuizunguka kingo ya kreta, unashika kushoto, unaelekea kusini magharibi, mlima Makarot upande mmoja na Oldeani upande mwingine. Unaingia, unalala, na ukitaka kuendelea Serengeti unarudi ulikotoka hadi barabara kubwa. Ni kweli simu itakuonyesha vijia vinavyotoka Endulen kupitia Laetoli kuelekea Ndutu. Wapo madereva wanaovipita kiangazi. Ni watu waliovizoea, wana gari refu, na mara nyingi wanakwenda magari mawili. Wewe mwenye gari moja na bibi ndani, usivijaribu.

Mtego mwingine wa ramani ni Mang'ola. Ukiitazama ramani utaona Mang'ola, kule kwenye vitunguu na ziwa Eyasi, kama iko pua na mdomo na Endulen, ukawaza kuwa ungeweza kupita chini ukaepuka ada ya lango. Katikati yao kuna ukuta wa Bonde la Ufa. Karatu hadi Mang'ola ni safari nzuri peke yake, na kitunguu cha huko utakinunua kwa gunia mashambani, lakini ni safari ya kwenda na kurudi. Haikupeleki Endulen.

Sasa nije kwenye mandhari. Sitaki mtu aniambie kwamba naikataza njia ya Endulen kwa sababu siipendi. Naipenda kuliko barabara yoyote ya kaskazini. Ukishapita Lodoare unapanda ndani ya msitu, udongo mwekundu, miti imevaa ndevu za kuvu, baridi inaingia dirishani ghafla hata watoto wanadai sweta. Unakwenda hivyo, kona baada ya kona, halafu msitu unafunguka mkono wa kulia na chini yako kuna shimo la kilomita za mraba kama 260, kina cha mita 600, na ng'ombe unaodhani unawaona kumbe ni nyati. Hapo kila gari husimama. Mbele kidogo, kwenye kingo hiyohiyo, kuna mnara wa mawe wa Michael Grzimek, Mjerumani aliyekufa Januari 1959 ndege yake ilipogongana na tai, na baba yake Bernhard aliyefariki 1987 na kuzikwa hapo. Wengi hawausomi. Simama uusome, hauchukui dakika tano.

Baada ya kuchepuka kwenda Endulen, watalii wanapungua ghafla. Gari zao zinaendelea Serengeti, na wewe unabaki na mbuzi, punda waliobeba madumu, maboma, na milima inayobadilika rangi kadiri jua linavyosogea. Ni nchi ya wafugaji. Barabarani ng'ombe ndiye mkubwa. Usimpigie honi, zima mziki, subiri kijana awavushe, umsalimie. Na simu yako ikae mfukoni mpaka umeomba ruhusa ya kupiga picha. Tangu 2022 watu wa tarafa hii wamekuwa katika mjadala mzito kuhusu kuhamia Msomera, Handeni, na si kila mtu anafurahia kupigwa picha na mgeni asiyemjua kwenye dirisha la gari. Mimi nisingefurahia.

Kuhusu Laetoli, niseme wazi ili usije ukalaumu. Iko karibu na Endulen, na ndiko zilikoonekana mwaka 1978, katika kazi iliyoongozwa na Mary Leakey, nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili yapata miaka milioni 3.66 iliyopita, juu ya majivu ya volkano yaliyoloa mvua kisha yakakauka. Ukiwasimulia watoto hadithi hiyo njiani watasahau kugombana. Lakini nyayo zile zimefukiwa kwa makusudi tangu miaka ya tisini ili mizizi na mvua visiziharibu. Ukienda ukitegemea kuziona kwa macho utarudi umenuna. Nakala yake iko kwenye makumbusho ya Oldupai, ambayo iko upande wa barabara kubwa ya Serengeti, na kwa msafiri wa kawaida huko kunatosha kabisa.

Kwa hiyo njia hii ina utajiri. Shida ni kwamba utajiri wake wote unalipwa kwa muda, na jirani yangu muda hakuwa nao. Alikuwa na tarehe. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na nimekosea mimi mwenyewe: wana safari ya shughuli, yenye siku na saa, halafu wanaifichia matembezi ndani yake ili mafuta yasiende bure. Kinachotokea ni kwamba matembezi yanaichelewesha shughuli, na shughuli inayaharibu matembezi. Baba anaendesha huku akitazama saa. Mtoto anapiga kelele kwamba ameona simba, baba anasema tutawaona mbele. Hawaonekani mbele.

Yangu ilikuwa hivi. Mwaka mmoja nilikuwa na kikao Musoma siku ya Jumatatu. Nikasema nitapita juu, nione kreta kidogo. Nilitoka Arusha saa nne asubuhi badala ya kumi na moja alfajiri kwa sababu nilingoja fundi amalizie breki. Mto wa Mbu nikasimama kununua ndizi nyekundu. Karatu nikasimama kula. Hifadhini nikaanza kufidia muda kwa mguu wa mafuta, na kabla sijafika Golini, ule mpaka wa Ngorongoro na Serengeti, springi ya nyuma ikakatika. Kosa lilikuwa langu kuanzia kikombe cha kwanza cha chai. Nililala kwenye gari na baridi yake, nikasaidiwa asubuhi na dereva wa lori la mizigo, na kikao cha Musoma kiliisha bila mimi. Kreta yenyewe sikuiona, kulikuwa na ukungu.

Ukungu si jambo la bahati mbaya kule juu. Kingo ya kreta iko zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi nyingi, hasa majira ya mvua na miezi ya baridi ya Juni hadi Agosti, wingu hulala juu ya barabara hadi saa tatu au nne. Unaendesha kwa kubahatisha, na nyati nao wanapenda kusimama palepale. Jioni ni vilevile. Malango hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni, na ukifika Lodoare saa 12 na nusu utalala Karatu, hata ukimweleza askari kwamba una harusi. Kwa anayekwenda Endulen ushauri wangu ni kuwa Lodoare kabla ya saa sita mchana, ukungu umeshapanda na una mchana mzima mbele yako. Kiangazi, kwa gari zuri, mimi huhesabu saa mbili na nusu kutoka langoni hadi Endulen pamoja na kusimama kutazama kreta. Masika sihesabu. Siendi.

Maana mvua ndiyo mwenye barabara. Machi hadi Mei, na tena Novemba na Desemba za vuli, ule udongo mwekundu wa msituni unakuwa sabuni. Huko chini penye tambarare ni udongo mweusi, na huo ukiloa unashika matairi kama ugali uliopungukiwa maji. Gari dogo lenye tumbo chini halizami kwa uzembe wa dereva, linazama kwa sababu liko chini. Mikondo iliyochimbwa na malori ni mirefu kuliko IST ilivyoinuka. Basi linavuka Serengeti kwenda Musoma, naam, na watu hulitolea mfano: “mbona mabasi yanapita?” Basi lina magurudumu ya lori, dereva anayeijua kila kona, na abiria wanaume thelathini wa kusukuma. Wewe una mama mwenye magoti.

Januari hadi Machi kuna jambo jingine. Nyumbu wanazalia tambarare za Ndutu, kwa maelfu kwa maelfu, na ile barabara kubwa ya Serengeti, ya kupitia Naabi, inajaa wanyama. Ni miezi mizuri mno ya kutazama na mibaya kwa anayekimbilia mahali. Wafugaji wa Endulen wenyewe kipindi hicho huwaondoa ng'ombe wao huko, kwa sababu nyumbu wanaozaa hubeba ugonjwa unaoua ng'ombe. Hata wenyeji, wenye nchi, wanabadili njia kwa kufuata majira.

Ukiamua kwenda, na uende kiangazi, Juni hadi Oktoba, basi jiandae hivi. Jaza tangi Karatu. Usitegemee kituo cha mbele. Matairi ya akiba yawe mawili, na uyapime upepo kabla hujatoka, maana tairi la akiba la Watanzania wengi halina upepo tangu gari linunuliwe. Beba jeki na kipande cha ubao wa kuiwekea, kwani jeki juu ya mchanga inazama badala ya kuinua. Punguza upepo wa matairi kidogo ukishaacha lami, gari litatulia kwenye mikunjo. Unapopishana na gari lingine, punguza mwendo hadi karibu kusimama: kokoto za barabara ya Naabi zimevunja vioo vingi kuliko ajali. Maji ya kunywa lita kumi, si chupa mbili. Chakula kiwe ndani ya gari, kwa sababu tumbili wa sehemu za kupumzikia hawana haya. Mtandao wa simu utakatika sehemu nyingi, basi mwachie mtu ratiba yako. Na ulipie kabla: Ngorongoro ina mamlaka yake na Serengeti iko chini ya TANAPA, kwa hiyo ada ni mara mbili kwa anayevuka, hata kama hutaki kuona mnyama. Mgeni asiye Mtanzania analipa kwa dola, na hiyo peke yake inaweza kuzidi mafuta ya safari nzima ya Singida. Omba namba ya malipo mapema, usifike langoni na noti mkononi.

Nilipofika hapo jirani alikuwa ameshaanza kunung'unika kwamba njia ya Singida inachosha, haina kitu. Nikamkatalia. Hilo ni neno la watu wanaopita wamelala.

Toka Babati ukielekea Singida, mlima Hanang unakaa mbele yako zaidi ya saa nzima, mita 3,417, umesimama peke yake juu ya tambarare kama mzee aliyeachwa barazani. Katesh iko miguuni pake. Desemba 2023 tope liliporomoka kutoka mlima huo likaua watu zaidi ya 80 katika mji huo na vijiji vya jirani. Ukipita punguza mwendo. Singida mjini kuna maziwa mawili, Singidani na Kindai, na ukifika jua linazama utaona maji na majabali yanavyowaka. Kuku wa Singida hana haja ya kusifiwa na mimi. Mafuta ya alizeti utayabeba kwa madumu, mama yako atakushukuru mwaka mzima. Nzega hadi Shinyanga ni tambarare, hapo nakubali panachosha, lala kama si wewe unayeendesha.

Lami nayo ina hatari zake, na kwa namna fulani ni mbaya zaidi kwa sababu haikuonyi. Huko juu barabara mbovu inakulazimisha kwenda pole. Huku chini mtu anajisahau. Trafiki wenye tochi wako kwenye kila kijiji cha maana, mwisho ni 50 penye kibao, na faini ya pili inauma kuliko ya kwanza. Usiku malori yaliyoharibika yanaachwa katikati ya njia bila taa, na alama yake ni matawi ya miti yaliyolazwa barabarani. Ukiona majani kwenye lami, kanyaga breki kwanza, fikiri baadaye. Kilomita 800 usizifanye siku moja ukiwa na familia. Lala Singida. Siku mbili, kama zilezile ulizopanga kwa Serengeti, ila hizi zina uhakika.

Kuna jambo moja nililomwambia mwisho, na lilimnyamazisha. Sisi tunajadili njia ya haraka na ya mandhari kwa sababu tuna zote mbili. Shemeji yake pale Endulen hana. Hospitali anayofanyia kazi, ya kanisa Katoliki, inategemewa na wafugaji wa eneo kubwa, na mgonjwa akihitaji kupelekwa mbele zaidi anapita barabara ileile, kona zilezile, ukungu uleule. Kilimo hakiruhusiwi ndani ya hifadhi, kwa hiyo mahindi nayo yanapanda kutoka Karatu juu ya malori ambayo wewe unayaona kama kero. Ukikutana na lori au gari la wagonjwa kwenye kona nyembamba, wewe ndiye wa kurudi nyuma. Wao wako kazini.

“Basi niambie moja,” akasema. “Nipite wapi?”

Nikamwambia: kwa IST, mama mwenye magoti, mwezi wa Desemba na harusi yenye tarehe, pita Singida. Safisha gari, ondoka Arusha saa 11 alfajiri, kula Katesh, lala Singida. Mpigie shemeji, mtumie nguo za mtoto kwa magari ya abiria yanayotoka Karatu. Halafu Juni shule zikifungwa, iache IST nyumbani, mchange na ndugu mkodi Landkruza yenye dereva anayeijua njia, mwende Endulen siku tatu bila shughuli nyingine yoyote. Mtoto atakuwa anatambaa.